Nusu ya Korosho

Kaka yangu Bakiri kapiga simu kutoka Masasi:
"Kwangueni lote. Msasa mpaka mbao ilie,
kisha vanishi, mikono mitatu, ling'ae kama sahani.
Yupo mtu wa hoteli anatafuta vitu vya kale
vinavyoonekana vipya."

Nikamwita Fundi Likwachala wa Mitengo.
Akafika Mikindani kwa baiskeli, randa na msasa ndani ya kiroba.
Kiroba hakukifungua.
Aliketi sakafuni mbele ya kabati la bibi
kama mtu aliyekuja kuhani,
akapitisha kiganja ubavuni, akakinusa.
"Mninga," akasema.
"Na huu weusi si rangi.
Huu ni moshi wa koroboi na mafuta ya nazi ya kichwa cha mtu."

Nikacheka, maana ni kweli:
Bibi Somoe aliegemea pale pale,
mlango wa kushoto, kila alipochambua mchele,
miaka yote niliyomjua na mingine kabla yangu.

"Nikikwangua," akasema fundi, "mimi nitakula hela yako,
wewe utakula hasara.
Ngozi ya mzee hainyooshwi kwa pasi.
Hupakwa mafuta."

Basi. Kipande cha kanga kuukuu,
maneno yake yamefutika, limebaki moja: *wivu*.
Maji vuguvugu, sabuni ya mche kidogo,
kitambaa kikamuliwe mpaka kisidondoshe.
Na kwanza nyuma ya mguu, pasipoonekana,
kumuuliza mti kabla ya kumgusa.
Kitambaa cha kwanza kikatoka cheusi kama kitako cha chungu.
Cha pili, kahawia.
Cha tatu kikatoka na rangi ya asali, na fundi akanishika mkono:
"Hapo simama. Ukizidi hapo
unamfuta mwenyewe."

Droo ya pili ina mkwaruzo mrefu,
msumari wa Bakiri, mwaka aliorudishwa darasa la nne.
Likwachala akatoa korosho mbichi mfukoni,
akaing'ata, nusu akaitafuna,
nusu akaisugua juu ya jeraha, huku na huku,
mpaka weupe ukanywa mafuta, ukatulia.
"Haujapona," akasema. "Umenyamaza."

Nta ilitoka Newala, imefungwa kwenye gazeti.
Tuliiyeyusha sufuria ndani ya sufuria,
tukaiepua, tukaipeleka uani mbali na jiko
ndipo tukatia tapentaini.
Kidogo, kidogo mno, kwa kufuata nyuzi za mbao.
Usiku mzima tukaiacha inywe.
Kesho yake nikang'arisha kwa soksi ya sufu
mpaka bega likaniuma,
na mninga ukaanza kurudi kutoka mbali,
wekundu kwanza, halafu mawimbi ya ndani.

Juu ya kabati kulikuwa na duara saba nyeupe za vikombe.
Majivu laini na tone la mafuta, kidole kimoja, subira.
Sita zikaondoka.
Ya saba ikakataa. Nikasugua, nikanuna, nikasugua.
Mama akachungulia mlangoni:
"Iache hiyo. Hiyo ya karani wa bandari
aliyekuja kuniposa. Aliambiwa angoje jibu,
akangoja mpaka chai ikalala.
Katika wote, ndiye peke yake aliyevaa soksi."
Akaenda zake jikoni. Sikujua niulize nini.

Fundi alidai elfu tano.
Nikampa kumi, akarudisha mbili,
akasema nta iliyobaki niifunike, panya wanaipenda.

Nikamtumia Bakiri picha.
"Mbona bado la zamani?"
Nikamjibu kwamba vipya viko dukani.
Hajaandika tena.

Leo alfajiri nimeingia na kibatari, umeme umekatika.
Kabati linang'aa kwa chini chini,
kama mtu aliyeoga akanyamaza.
Na kwenye droo ya pili,
sisimizi wameinusa ile nusu ya korosho.
Wamejipanga kichwa kwa mkia
juu ya mkwaruzo wote wa Bakiri,
tangu msumari ulipoingia
hadi mahali alipoitwa jina, akakimbia.